‘Mama, mbona hewa haionekani?’ Swali la mtoto linaloweza kuokoa familia

NI jioni ya mwezi wa saba. Katika nyumba nyingi za Makete, Njombe, Mbeya, Lushoto na miteremko ya Kilimanjaro, baridi imeshaingia hadi kwenye mifupa. Jiko la mkaa lililoivishia ugali uani halizimwi. Linabebwa, linaingizwa ndani, mlango unafungwa, na familia inalizunguka kuota moto.

Mtoto wa miaka sita aliyejikunyata karibu na jiko anatazama mkaa ulioiva mwekundu. Dakika chache zilizopita ulikuwa unatoa moshi, sasa hautoi. Anauliza: “Mama, moshi ulikuwa unaonekana. Mbona hewa haionekani?”

Majibu ya wazazi wengi yanafanana. “Kwa sababu ni hewa.” “Ndivyo Mungu alivyoiumba.” Au lile la kufunga mjadala: “Kalale, kesho shule.”

Hata hivyo, swali hilo si la kupuuzwa. Sababu inayofanya hewa isionekane ndiyo hiyo hiyo inayofanya gesi ya sumu itokayo kwenye jiko lile isionekane. Mzazi anayeweza kumjibu mtoto wake vizuri anakuwa ameelewa pia kwa nini jiko hilo halipaswi kulala chumbani.

Jicho linaonaje?

Jicho halitoi kitu kwenda kukamata vitu. Linapokea tu. Mwanga wa jua, wa taa au wa moto unagonga kitu, sehemu yake inarudi na kuingia kwenye mboni. Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga huo na kupeleka taarifa kwenye ubongo. Ndiyo maana chumba kikiwa na giza totoro, hata kikombe kilicho mbele ya pua hakionekani.

Ili kitu kionekane, basi, lazima kiufanyie mwanga jambo fulani. Kinaweza kuurudisha kama kioo au ukuta mweupe. Kinaweza kunyonya baadhi ya rangi na kurudisha nyingine, kama nyanya inavyonyonya rangi nyingine na kurudisha nyekundu. Au kinaweza kuupinda, kama maji yanavyoupinda hadi kijiko kilicho kwenye glasi kikaonekana kama kimevunjika.

Kitu kisichorudisha, kisichonyonya wala kupinda mwanga, jicho halina habari nacho. Mwanga unakipita kama vile hakipo. Hewa iko karibu sana na hali hiyo.

Ipo, tena ina uzito

Mtoto anaweza kudhani kwamba kisichoonekana hakipo. Wapo na watu wazima wanaosema chumba “kitupu” wakimaanisha hakina kitu kabisa. Ukweli ni kwamba chumba hicho kimejaa.

Meta moja ya ujazo ya hewa, katika maeneo ya usawa wa bahari, ina uzito wa takriban kilo 1.2. Kwa hesabu hiyo, chumba cha kulala chenye urefu wa meta tatu, upana wa meta tatu na kimo cha meta mbili na nusu kina hewa ya takriban kilo 27. Hizo zinazidi kidogo uzito wa mfuko wa unga wa kilo 25.

Katika hewa hiyo, nitrojeni ni karibu asilimia 78, oksijeni karibu asilimia 21, na karibu asilimia moja iliyobaki ni zaidi gesi iitwayo agoni. Hewa ukaa, ile tunayoitoa tunapopumua, ni takriban asilimia 0.04 tu. Juu ya hayo kuna mvuke wa maji, ambao huwa mwingi Tanga au Zanzibar na mchache Dodoma wakati wa kiangazi.

Gesi zote hizo hazina rangi ambayo jicho la binadamu linaweza kuiona chumbani.

Kwa nini mwanga unapita moja kwa moja

Wengi humjibu mtoto kwamba hewa haionekani kwa sababu chembe zake, zinazoitwa molekuli, ni ndogo mno. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya jibu. Molekuli za maji nazo ni ndogo kiasi hicho, lakini tone la maji juu ya meza linaonekana.

Tofauti ya kwanza ni nafasi. Katika maji, molekuli zimebanana kama abiria wa daladala ya saa moja asubuhi. Katika hewa, kila molekuli iko mbali na mwenzake kwa wastani wa karibu mara kumi ya ukubwa wake, kama watu wachache waliotawanyika kwenye uwanja wa mpira. Ndiyo maana maji ni mazito kuliko hewa kwa zaidi ya mara 800. Mwanga unaopita kwenye hewa hukutana na vitu vichache sana njiani.

Tofauti ya pili ni aina ya mwanga ambao gesi inaweza kuunyonya. Mwanga husafiri kwa mawimbi. Jicho la binadamu huona mawimbi yenye urefu wa takriban nanomita 400 hadi 700 tu, kuanzia zambarau hadi nyekundu. Nanomita moja ni milimita moja ikigawanywa mara milioni moja. Nitrojeni na oksijeni hazinyonyi mawimbi hayo kwa kiasi cha jicho kuhisi. Oksijeni na nitrojeni hunyonya mionzi ya urujuanimno yenye nguvu zaidi, ambayo hatuioni. Hewa ukaa na kaboni monoksaidi hunyonya mionzi ya joto iitwayo infraredi, ambayo nayo hatuioni.

Kwa maneno mengine, gesi hizi hazikujificha kwa kila chombo. Wahandisi wa mabomba ya gesi hutumia kamera maalumu za infraredi, na kwenye kioo cha kamera hizo gesi inayovuja huonekana ikifuka kama moshi. Zimejificha kwa jicho letu tu.

Na hilo ni neema. Kama jicho lingeiona hewa, kila mtu angeishi ndani ya ukungu usioisha. Mama asingemwona mtoto wake akivuka barabara, wala dereva asingeona gari lililo mbele yake.

Moshi na mvuke visimchanganye mtoto

Hapa ndipo mtoto mwerevu atauliza tena: “Lakini moshi ni hewa, na unaonekana.”

Moshi hauonekani kwa sababu ya gesi zilizomo. Kinachoonekana ni masizi, majivu na matone madogo ya mafuta na maji yanayoelea. Kila punje moja ina mamilioni ya molekuli zilizoshikana, hivyo ni kubwa vya kutosha kutawanya mwanga. Punje zikiisha, moshi unaacha kuonekana, lakini gesi zinaendelea kutoka.

Mvuke nao unadanganya. Birika likichemka, wingu jeupe linalotoka si mvuke wenyewe bali ni matone madogo ya maji yaliyokwisha kupoa kidogo. Mtu akitazama kwa makini, kwa mbali na bila kusogeza mkono, ataona kati ya mdomo wa birika na lile wingu kuna nafasi ndogo isiyo na kitu. Hapo ndipo mvuke halisi ulipo. Hauonekani, na ndio wenye joto kali zaidi, kwa hiyo watoto wasisogezwe karibu.

Kwa hiyo mkaa uliokolea, usiotoa moshi hata kidogo, haumaanishi kwamba hautoi kitu. Kuna alama moja ambayo kila mpishi ameiona: vile vindimi vya bluu vinavyocheza juu ya mkaa unaowaka. Hiyo ni kaboni monoksaidi ikiungua. Ile isiyoungua inaingia chumbani.

Si kila gesi haina rangi

Ili mtoto asidhani kwamba gesi zote ziko hivyo, mzazi anaweza kumweleza kuwa zipo zenye rangi. Klorini, inayotumika kusafisha maji, ikiwa gesi ina rangi ya kijani iliyochanganyika na njano. Aprili 22, 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wanajeshi karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, waliliona wingu la rangi hiyo likiwajia na upepo. Naitrojeni dioksaidi, mojawapo ya gesi zinazochafua hewa ya miji yenye magari mengi, ina rangi ya kahawia. Iodini ikipashwa moto hutoa mvuke wa zambarau.

Hata hewa safi yenyewe, ikiwa nyingi sana, inaacha alama. Anayesafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro huiona milima ya Uluguru kwa mbali ikiwa na rangi ya bluu, lakini akiifikia anakuta ni ya kijani. Bluu ile inatoka kwenye hewa iliyo kati yake na milima. Molekuli za hewa hutawanya mwanga wa bluu zaidi kuliko mwekundu, na ndiyo sababu anga la mchana ni la bluu. Mwanasayansi Mwingereza, Lord Rayleigh, alilieleza jambo hilo mwaka 1871. Chumbani hewa ni kidogo mno kwa bluu hiyo kuonekana. Inahitaji kilometa nyingi.

Mchana wa jua kali, barabara ya lami nayo huonekana kwa mbele kama ina maji. Hayo ni mazigazi. Hewa ya moto iliyo juu ya lami inapinda mwanga wa anga na kuuleta machoni. Hapo pia mtu anakuwa ameona kazi ya hewa, si hewa yenyewe.

Gesi inayoua bila kubisha hodi

Sasa turudi kwenye lile jiko.

Mkaa ni kaboni. Ukiungua kwenye hewa ya kutosha, kaboni huungana na oksijeni na kutoa hewa ukaa. Hewa ikiwa pungufu, au gesi ikipita katikati ya makaa ya moto kabla ya kutoka nje, sehemu yake huwa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi macho au koo. Mtoto anayekohoa kwa moshi wa kuni hujua kuna tatizo na husogea. Kwa kaboni monoksaidi hakuna kinachomwambia asogee.

Ikivutwa, hupita kwenye mapafu na kuingia kwenye damu. Huko kuna himoglobini, ile inayoipa damu wekundu na kubeba oksijeni kwenda mwilini. Kaboni monoksaidi huishika himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Ni kama abiria aliyepanda basi na kukataa kushuka. Viti vinajaa, oksijeni inakosa pa kukaa, na ubongo na moyo vinaanza kukosa hewa ingawa mtu bado anapumua kama kawaida. Kiasi ambacho hakifiki hata asilimia moja ya hewa ya chumba kinatosha kuua.

Watoto hupumua haraka kuliko watu wazima, hivyo huathirika upesi. Mama mjamzito yuko kwenye hatari ya aina mbili, kwa sababu himoglobini ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hii kwa nguvu zaidi na huchelewa kuiachia. Wazee na wenye maradhi ya moyo nao wako hatarini.

Kundi jingine linalosahaulika ni mama aliyejifungua. Katika baadhi ya familia, chumba cha mzazi na kichanga hupashwa joto kwa jiko la mkaa, milango na madirisha vikiwa vimefungwa ili baridi isimpate mtoto. Nia ni njema kabisa. Lakini kichanga hawezi kusema kichwa kinamuuma, na mama aliyechoka akisinzia anaweza asiamke.

Mkasa wa aina hii ukitokea, familia nzima ikakutwa imelala bila kuamka, mara nyingi majirani huanza kuulizana walikula nini jana. Wengine hufikiria ushirikina. Jiko lililokwisha kuwa majivu pembeni ya kitanda halishukiwi.

Dalili ambazo mzazi hapaswi kuzipuuza

Dalili za mwanzo hufanana na za malaria au mafua, ila kwa kawaida hazina homa. Nazo ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au kutapika, mwili kulegea na usingizi usio wa kawaida. Zikiendelea, mtu huchanganyikiwa, hukosa nguvu za miguu, huhisi maumivu ya kifua na hatimaye hupoteza fahamu.

Kwa mtoto mdogo asiyeweza kujieleza, mzazi atazame kulia kusikotulia, kukataa kunyonya, kutapika au kulegea.

Kuna vidokezo viwili vinavyosaidia. Kwanza, watu zaidi ya mmoja waliokuwa kwenye chumba kimoja wanaugua kwa wakati mmoja, hata kuku au paka aliye ndani naye analegea. Pili, wakitoka nje wanapata nafuu, na wakirudi ndani hali inarejea.

Kinga ambazo si kinga

Zipo imani kadhaa zinazowafanya wazazi walale kwa amani isiyo ya kweli.

Ya kwanza ni kwamba mkaa ukishakolea na moshi ukaisha, sumu nayo imeisha. Kama ilivyoelezwa, moshi na kaboni monoksaidi ni vitu viwili tofauti.

Ya pili ni kuweka beseni la maji chumbani ili “linyonye” sumu. Kaboni monoksaidi huyeyuka kidogo sana kwenye maji, hivyo beseni halisaidii.

Ya tatu ni kulala juu ya kitanda kirefu, au chini sakafuni, kwa imani kwamba gesi inakaa upande mmoja. Uzito wa kaboni monoksaidi unakaribiana sana na wa hewa, hivyo huchanganyika na kuenea chumba kizima.

Ya nne ni kuacha tundu dogo la dirisha. Tundu hilo linaweza lisitoshe, hasa usiku ambapo hakuna upepo, na watu waliolala hawawezi kujua kama linatosha au la.

Ya tano ni kumnywesha maziwa aliyezidiwa. Sumu hii iko kwenye damu, haiko tumboni. Aliyepoteza fahamu akinyweshwa kitu chochote anaweza kupaliwa na kufa kwa sababu nyingine kabisa.

Nini kifanyike

Kanuni ni moja na ni fupi: jiko la mkaa au la kuni halilali ndani. Likishapika, libaki nje au jikoni penye hewa, na lizimwe kabla ya watu kulala. Kuota moto kufanyike uani au kwenye jiko lililo wazi, kisha watu waingie kulala na mablanketi. Kichanga apashwe joto kwa nguo, kofia, soksi na ngozi ya mama yake, kifua kwa kifua, badala ya makaa.

Jenereta isiwashwe ndani ya nyumba, kwenye veranda iliyozibwa au chini ya dirisha la chumba cha kulala. Gari lisiachwe likinguruma ndani ya gereji iliyofungwa. Hita ya maji inayotumia gesi bafuni inahitaji njia ya kutoa hewa yake nje. Vipo pia vifaa vidogo vya kengele vinavyogundua kaboni monoksaidi na kulia. Mwenye uwezo anaweza kuwa nacho, lakini kisiwe ruhusa ya kuingiza jiko chumbani.

Mtu akikutwa amezidiwa, hatua ya kwanza ni kufungua milango na madirisha na kumtoa nje haraka penye hewa safi. Anayeokoa asikae ndani akihangaika na jiko, kwani naye anaweza kuanguka. Kama mgonjwa hapumui na yupo anayejua huduma ya kwanza, aanze mara moja wakati wengine wanatafuta usafiri.

Wote waliokuwa chumbani wapelekwe kituo cha afya au hospitali, hata anayesema amepata nafuu. Wamweleze mhudumu waziwazi kwamba walilala na jiko la mkaa. Taarifa hiyo ni muhimu kwa sababu kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha kwamba oksijeni iko sawa kumbe siyo. Hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii.

Tiba kubwa ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, mwili huhitaji takriban saa nne hadi tano kupunguza sumu hiyo kwa nusu. Kwa oksijeni safi kupitia barakoa, muda huo hushuka hadi takriban saa moja hadi moja na nusu. Ndiyo maana kumpumzisha mgonjwa nyumbani “aone kama itapita” si uamuzi mzuri.

Mbali na vifo vya ghafla, moshi wenyewe nao una madhara yake ya polepole. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ndani ya nyumba ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano. Kwa Tanzania, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mei 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034.

Mtungi wa gesi na harufu ya makusudi

Familia inayohama kutoka mkaa kwenda mtungi wa gesi inapata nafuu kubwa ya moshi, lakini inakutana na gesi nyingine isiyoonekana. Gesi ya kupikia kwa asili haina rangi wala harufu inayotambulika kirahisi. Ile harufu mbaya inayokera, kama kitunguu au kabichi iliyooza, inaongezwa makusudi ili pua ifanye kazi ambayo jicho haliwezi.

Somo hilo lilinunuliwa kwa gharama kubwa. Machi 18, 1937, shule moja katika eneo la New London, Texas, Marekani, ililipuka baada ya gesi asilia isiyo na harufu kuvuja na kujikusanya chini ya jengo bila mtu kujua. Karibu watu 300 walifariki, wengi wakiwa wanafunzi. Baada ya hapo, sheria ikataka gesi iwekewe harufu.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa sakafuni na kutulia kwenye pembe. Harufu ikisikika, mzazi asiwashe wala kuzima swichi ya taa, asiwashe kiberiti, na asipige simu akiwa ndani. Afunge valvu ya mtungi kama anaweza kuifikia, afungue milango na madirisha, awatoe watoto, kisha apige simu akiwa nje. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nchini Tanzania ni 114.

Mazuku ya Goma

Waswahili wa mashariki mwa Kongo wana jina kabisa la gesi isiyoonekana. Karibu na Goma, chini ya volkano ya Nyiragongo, hewa ukaa hutoka ardhini na kujikusanya kwenye mabonde na mashimo. Wenyeji huyaita maeneo hayo mazuku. Kwa kuwa hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutulia chini kama maji kwenye kikombe. Mtu mzima aliyesimama anaweza kuwa salama mahali ambapo mbuzi au mtoto mfupi anaanguka.

Nchini Cameroon, usiku wa Agosti 21, 1986, Ziwa Nyos lilitoa wingu kubwa la gesi hiyo hiyo lililoshuka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao.

Kwa familia za huku, tahadhari ya karibu zaidi ni mashimo ya choo, visima vya zamani na matangi yaliyofungwa. Gesi nzito hujikusanya humo. Mtoto akidondosha mpira shimoni, asiingie kuufuata, na mtu mzima aliyemwona mwenzake ameanguka humo asimfuate bila vifaa vya kupumulia. Aite waokoaji.

Majaribio matatu ya kufanya na mtoto

Mtoto huamini zaidi anachokifanya kwa mkono wake. Vitu vya majaribio haya viko nyumbani au duka la jirani.

La kwanza: glasi na karatasi. Kunja karatasi, ishindilie ndani ya glasi ibaki juu, kisha igeuze glasi na kuizamisha wima kwenye beseni la maji. Ukiitoa, karatasi imebaki kavu. Hewa iliyokuwa ndani ya glasi iliyazuia maji. Ukiilaza glasi ndani ya maji, mapovu yanatoka. Mwambie mtoto kwamba hapo sasa anaiona hewa, kwa sababu mwanga unapinda na kurudi pale hewa na maji vinapokutana.

La pili: soda na puto. Vika puto kwenye mdomo wa chupa ya soda iliyofunguliwa sasa hivi, kisha tikisa taratibu. Puto linavimba. Kilichovimbisha ni hewa ukaa ambayo hakuna aliyeiona ikipanda.

La tatu, ambalo mtu mzima ndiye anayewasha kiberiti: mshumaa mfupi na glasi. Funika mshumaa unaowaka kwa glasi. Moto unafifia na kuzimika. Muulize mtoto kuna nini kimebadilika, maana kwa macho glasi ni ile ile. Hewa ya ndani ndiyo iliyobadilika.

Jaribio la tatu linafaa kurudisha mazungumzo kwenye jiko. Chumba kilichofungwa ni kama ile glasi, tofauti ni ukubwa tu.

Kwa hiyo, siku mtoto atakapouliza tena mbona hewa haionekani, mzazi anaweza kumjibu kwa sentensi chache: “Kwa sababu mwanga unaipita bila kuguswa, mwanangu. Macho yetu yanahitaji mwanga uguswe ndipo yaone. Lakini hewa ipo, na kuna hewa nyingine mbaya ambayo nayo haionekani. Ndiyo maana jiko letu halilali ndani.”

Kisha asimame, alibebe jiko, alitoe nje, na mtoto amwone akifanya hivyo.